Jiko Lisilo na Mafiga

Siku lori la dagaa liliposimama mbele ya nyumba yake pale Kakese, Marta alikuwa ameshamaliza kusogeza meza. Aliisukuma tangu asubuhi mpaka ikagota ukutani, akabakiza nafasi nzuri chini ya dirisha, pale mwanga unapoingia mchana kutwa. Nafasi hiyo ilikuwa ya cherehani.

Hakuna mtu aliyemwambia kwamba cherehani inakuja. Mumewe, Methusela, alikuwa amemtumia salamu tu kwa mdomo wa dereva, kwamba jiko la mapadri kule Karema linafungwa, kwamba kazi yake ya upishi imekwisha baada ya miaka thelathini na mmoja, na kwamba anarudi nyumbani moja kwa moja na zawadi kutoka kwa Padri Libérat. Basi, salamu ziliishia hapo. Lakini Marta alijua. Misheni kulikuwa na cherehani ya miguu iliyoshona vitambaa vya altare. Yeye aliiona mara moja, mwaka ule walipooana, akaruhusiwa kuikanyaga kidogo, na tangu siku hiyo hakuacha kuitaja. Kila Methusela alipokuja likizo aliulizwa habari za watoto wa dada yake, habari za ziwa, na habari za cherehani. Sasa ilikuwa mwaka 1992, na Marta alikuwa ameshanunua nyuzi za rangi sita na mita nne za kitambaa cha maua. Jirani yake Annonciata alikuwa ameshapimwa kiuno.

Utingo akapanda juu ya magunia, kamba zikafunguliwa, na wanaume wanne wakashusha kitu kilichofunikwa turubai. Marta akakitazama, akaona ni kinene mno. Akajipa moyo kwamba labda wameifunga pamoja na meza yake. Turubai likavutwa.

Lilikuwa jiko la gesi. Jiko la zamani, refu mpaka kifuani, rangi ya maziwa yenye mstari wa kijani, inayong'aa kama sahani ya bati iliyotoka dukani. Lilisimama kwa miguu minne iliyopinda. Juu lilikuwa na sehemu nne za kuwekea sufuria, tumboni lina oveni yenye mlango mzito, na juu ya oveni, kwa nyuma, lina kabati dogo la kupashia sahani joto. Mbele zilijipanga swichi tano nyeusi. Lote lilinuka dagaa.

Methusela alisimama pembeni yake, kofia mkononi, mzee mwembamba wa miaka sitini, anatabasamu kama mtu aliyeleta mchumba nyumbani.

"Zuri, eeh?" alisema. "Liliingia Karema kwa meli kutoka Kigoma, mwaka hamsini na tatu. Mimi nimelikuta pale."

Marta akalizunguka mara moja. Alikuwa bado anatafuta cherehani nyuma yake.

"Baba Candide," alisema, "kule misheni cherehani haikuwepo?"

Methusela hakuwa mtu wa kusema uongo, na siku nyingine hilo ni tatizo. "Ilikuwepo. Padri aliniambia nichague kimoja."

"Ukachagua."

"Ndiyo."

Marta akaingia ndani, akarudisha meza chini ya dirisha. Aliirudisha peke yake, akiiburuza kwa kelele ili wa nje wasikie, na wakasikia.

Sasa, tuseme ukweli, kama jiko lile lingewaka siku ile ile huenda mambo yangekwenda vingine. Halikuwaka. Mtungi ulikuja na gesi yake kidogo iliyobaki, robo hivi, lakini mpira wa kuunganisha mtungi na jiko ulikuwa umezeeka, na zile siku mbili za kugongana na magunia barabarani zikaumalizia. Ulipasuka kama muwa mkavu. Mpira wa namna ile Mpanda mjini haukupatikana. Ilibidi Celestin, mtoto wa dada yake Marta aliyekuwa mfanyakazi wa treni, autafute Tabora, na Celestin alikuwa mtu wa kusema "wiki ijayo, mama mdogo" kwa miezi mitano mfululizo.

Katika miezi hiyo Marta alilifanya jiko kuwa samani. Lilikaa sebuleni kwa sababu kwenye kibanda cha kupikia cha nje lisingeenea. Akalitandikia kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa akaweka redio, juu ya redio picha ya binti yao Candide na mumewe siku ya harusi yao. Ndani ya oveni akapanga vikombe vya wageni. Wageni wakija kuliona, nao walikuja kweli kweli, kutoka mpaka kijiji cha pili, Marta aliwaambia, "Karibuni, huyo ndiye bi mdogo. Mzee amelala naye kule Karema miaka thelathini na mmoja, sasa ameamua kunihamishia humu humu ndani." Watu wakacheka. Methusela naye akacheka kidogo, halafu jioni akatoa vikombe vyote, akafuta oveni kwa kitambaa chenye maji, akavirudisha kimoja kimoja kama alivyovikuta.

Utani wa Marta ulikuwa na mwiba ndani. Miaka thelathini na mmoja si siku mbili. Shamba alilima yeye, mabati aliezeka yeye akiwasimamia mafundi, watoto aliwazaa mume akiwa upande wa pili wa milima anawakatia mapadri vitunguu. Na kwa mapadri, Krismasi na Pasaka ndizo siku za mpishi kutokwa jasho. Kwa hiyo Krismasi ya Marta ilifika tarehe ishirini na nane, mwaka mwingine tarehe thelathini, kutegemea lori. Methusela aliingia na kopo, ndani ya kopo mna ncha za mikate na makombo ya keki, vimekauka. Marta alivichovya kwenye chai na kuwagawia watoto, akisifia. Usiku alilala macho wazi akiwaza kwamba kuna meza mahali fulani ambayo mume wake aliiandalia chakula cha moto kila siku ya Mungu, na meza hiyo si yake.

Na nyumbani je? Nyumbani mwanamume hakai mafigani. Hilo Marta hakulitunga yeye. Mwaka wa kwanza wa ndoa, alipojifungua Candide na homa ikampiga, Methusela aliyekuwa likizo alivuta kigoda, akaketi mbele ya yale mawe matatu, akamkorogea uji. Mama mkwe akamkuta. Kufikia jioni wanawake wote kisimani walikuwa na habari kwamba Marta amemlisha mumewe limbwata, kwamba mwanamume wa watu amegeuzwa kuwa mpishi mpaka nyumbani kwake. Msimu mzima alichekwa. Alilia, na siku Methusela alipovuta tena kigoda alimfokea kwa sauti iliyosikika barabarani: "Toka mafigani! Unanitia aibu mimi, si wewe!" Methusela akasimama, akajipangusa majivu, akatoka. Hakukaa tena pale, hata siku moja.

Mwezi wa kumi na moja, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya, Marta alikwenda mjini kununua chumvi dukani kwa Mikidadi. Huyu Mikidadi alikuwa anafungua hoteli karibu na stesheni, chai na mandazi kwa abiria wa treni, na habari za jiko la Kakese zilikuwa zimemfikia.

"Mama Candide," alisema, "lile jiko kwako ni kabati. Mimi gesi nitaletewa na treni. Ninayo cherehani ya miguu, imetumika lakini inashona vizuri, hata ngozi inapita. Nipe jiko, chukua cherehani. Hakuna cha kuongezeana."

Marta aliikanyaga pale pale dukani. Gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka bila kukwama. Njia nzima ya kurudi miguu yake ilikuwa inaendelea kukanyaga.

Alimwambia Methusela bila kuzunguka. Alijiandaa kwa ugomvi, maana alishapanga maneno kumi na mawili na alitamani kuyatumia. Methusela alilitazama jiko.

"Nililileta liwe lako," alisema hatimaye. "Ukitaka kulibadilisha, libadilishe."

"Langu? Mimi niliomba jiko?"

"Hukuomba." Akakuna kidevu. "Mikidadi anakuja lini?"

"Jumamosi mchana, na pikapu."

"Celestin kaniambia mpira ameshaupata, unafika Alhamisi. Niachie Jumamosi asubuhi, Mama Candide. Mara moja tu. Wewe ukae kwenye kiti, ule. Halafu liende."

Marta alifungua mdomo aseme la kwanza katika yale kumi na mawili, akaona halifai tena. "Dirisha nitafunga," alisema. "Sitaki kuchekwa uzeeni."

Jumamosi ilipofika Methusela aliamka kabla ya jogoo wa Annonciata. Akaoga, akanyoa ndevu, akafungua sanduku na kutoa aproni nyeupe iliyopigwa pasi. Marta hakuwa amewahi kuiona. Ilimfika magotini na kumfanya arefuke. Alitoa redio, picha, kitambaa cha kufuma, vikombe, akaviweka mezani kwa utaratibu. Akaunganisha mpira mpya, akaupaka povu la sabuni kwenye maungio, akainama kuangalia kama panatoka mapovu. Hapakutoka kitu. Ndipo akaenda dirishani na kulifungua.

"Si nilikwambia tufunge?"

"Gesi haipendi dirisha lililofungwa. Tutazimia humu, halafu ndiyo watakuwa na la kusema kweli."

Kwa hiyo likabaki wazi, na ng'ambo ya uzio Annonciata, mama yake Egide, akaanza ghafla kufagia sehemu ya ua ambayo haikufagiliwa tangu Pasaka.

Methusela akawasha kiberiti, akazungusha swichi ya pili. Jiko likafoka kidogo, likanuka vitunguu vilivyooza, halafu pwaa, duara la moto wa bluu likakaa chini ya sufuria, dogo, safi, halina moshi hata wa dawa. Marta akajikuta ameegemea mbele. Miaka yote macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni mbichi, na sasa huu moto ulikuwa umekaa pale bila kumdai mtu machozi.

"Swichi ya kwanza inageukia kushoto, nyingine zote kulia," Methusela alisema, na Marta akatambua kwamba sauti yake imebadilika. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku. "Ya tatu ni mvivu, mpaka uigonge na kijiko. Hivi. Ya nne usiiwashe kama upepo unatoka ziwani." Akasita. "Hapa labda haijali."

Akaumua unga, akaukanda, akaufunika, akaukanda tena. Mikono yake ilikwenda haraka, na haikupoteza unga hata chembe. Alipowasha oveni alipiga magoti, akasukuma njiti mpaka mwisho wa tundu, moto ukaruka mstari mzima kwa sauti ya mtu anayepumua. Akafunga mlango. Baada ya muda akaufungua, akaingiza mkono mtupu ndani, akafumba macho.

"Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe..."

"We! Unaungua?"

"Napima moto," alisema bila kufumbua macho. "Kipimo chake kilikufa mwaka wa sabini. Mkate unataka mkono uvumilie mpaka 'mzao wa tumbo lako', hapo lazima uutoe. Ukifika mpaka 'utuombee' hujasikia kitu, moto bado. Keki ni Salamu Maria nzima. Nyama mara mbili." Akachomoa mkono haraka, akaupuliza, akacheka. "Padri Libérat alikuwa anasema jikoni kwangu panasaliwa kuliko kanisani."

Marta akacheka. Alicheka kabla hajakumbuka kwamba hakupanga kucheka, na ilibidi ajikohoze.

Mikate miwili ikaingia. Methusela akageukia samaki, kuhe mnono ambaye dereva wa lori alimleta usiku kutoka Ikola amefungwa kwenye majani mabichi. Akamkata, akamkamulia ndimu, akakata vitunguu vyembamba mpaka unaona kisu upande wa pili. Harufu ya mkate ikaanza kujaa nyumba. Marta alikaa na mikono mapajani, hajui pa kuiweka, maana haikuwahi kukaa bure saa kama ile. Harufu ile aliijua. Ilikuwa ile ya kopo la Krismasi, ila hai.

Halafu ndani ya harufu hiyo ikaingia nyingine.

"Umeweka karanga kwenye mkate?" aliuliza.

"Karanga? Hapana."

Ng'ambo ya uzio fagio la Annonciata likasimama. "Marta! Nyie mnakaanga karanga?"

Marta akaruka kwenye kiti kana kwamba ameketi juu ya kaa la moto. Karanga! Karanga zake za mbegu! Mwezi uliopita panya walipozidi alizunguka nyumba nzima akitafuta mahali wasipofika, akapapata. Lile kabati la kupashia sahani, pale juu ya oveni. Mlango wake ulikuwa unakwama, Methusela mwenyewe aliuacha zamani, lakini Marta alishajua dawa yake, unaupiga chini na kisigino cha mkono, unafunguka. Akaficha humo mfuko wa mbegu alizochagua moja moja, kavu, nzima, za shamba zima la msimu huu. Wiki ijayo zilikuwa ziingie ardhini.

Akaupiga mlango. Ukafunguka, na joto likampiga usoni. Aliuvuta mfuko kwa upindo wa kanga. Karanga zilikuwa zimeiva barabara, rangi ya dhahabu, maganda yanajivua yenyewe. Hata moja isingeota tena.

Hapo ndipo yale maneno kumi na mawili yalipopata mlango, na yalitoka na ndugu zake wote.

"Ona! Ona sasa! Limenichukulia mume miaka thelathini na mmoja, sasa limekula na mbegu zangu! Nitapanda nini? Nitapanda mkate? Nimelima peke yangu, nimezaa peke yangu, sikukusumbua. Nikaomba kitu kimoja. Kimoja, Baba Candide! Padri anakuwekea viwili mbele yako, hiki na kile, unajua mkeo analilia nini tangu ni msichana, na wewe unachukua nini? Unachukua jiko! Kwa nini hukuchukua cherehani?"

Ng'ambo ya uzio Annonciata akasogea karibu zaidi. Methusela alisimama na mwiko mkononi, aproni ina unga, na ilionekana kwamba ataachia tu yapite, kama alivyoachia mengi.

"Cherehani ungejishonea wewe," alisema. "Ungewashonea watu. Ingekuwa kazi nyingine juu ya kazi zako."

"Ndiyo niliyoitaka!"

"Najua." Akaweka mwiko chini. "Miaka yote nimekulisha ncha za mkate. Mkavu. Nilikuwa naukata pale, unatoka moshi, mapadri wanachukua vya katikati, mimi naweka ncha kwenye kopo, nasema hii ya mama Candide. Najua itafika jiwe. Hujawahi kula chakula changu cha moto, hata siku moja. Ule uji, mama alikukatisha katikati."

Marta aliutazama mlango wa oveni.

"Nikija nyumbani, mafigani siwezi kukaa. Ulinikataza, na ulikuwa na haki, maana waliocheka walikucheka wewe, hawakunicheka mimi. Nikafikiri, nikistaafu itakuwaje? Nitakaa nakuangalia unapuliza moto mpaka tufe?" Alilipapasa jiko ubavuni, pale rangi ilipobanduka kidogo. "Lakini hili halina mafiga, Marta. Hili mtu anapika amesimama. Nikasema, nikipewa hili, nitampikia mke wangu na hakuna atakayesema nimekaa mafigani. Ndiyo maana nikalichukua. Mpira sikujua kwamba utapasuka."

Alimwita Marta. Jina lake, bila umama wa mtu. Mara ya mwisho kumwita hivyo ilikuwa kabla ya Candide.

Marta alishika mfuko wa karanga kifuani, ungali una joto. Alitaka kubaki na hasira, ilikuwa yake, aliitunza vizuri miezi mitano, lakini aliitafuta akaikosa. Alichokikuta pale ni huyu mzee na aproni yake, ambaye Marta alimfukuza mafigani mara moja tu, naye akatii maisha yake yote, na kumbe muda wote huo alikuwa anatafuta njia ya kuzunguka ile amri bila kuivunja. Moyo ulimuuma kwa jinsi alivyompenda.

"Mkate utaungua," alisema.

Methusela akageuka haraka, akafungua oveni, akaitoa mikate yote miwili. Akaugonga mmoja chini kwa kidole, akasikiliza. Halafu akachukua kisu, akakata ncha, akaiweka pembeni, akakata kipande kinene cha katikati, moshi ukapanda. Alimpa mkononi. Marta akakila amesimama. Hakukichovya kwenye chai. Kilimuunguza ulimi kidogo naye hakujali, akamaliza, akanyoosha mkono apewe kingine.

Samaki kikaangoni alikuwa ameiva upande mmoja tu wakati moto wa bluu ulipopungua. Ukawa wa njano, ukarukaruka, ukasema puh. Methusela akagonga kwa kijiko. Akatikisa mtungi. Hakuna kitu.

"Imekwisha," alisema. Alisimama akitazama kikaango, na samaki wake mbichi upande wa juu, na sura yake Marta hakuweza kuivumilia.

Nje honi ikalia. Pikapu ya Mikidadi ilikuwa imeingia uani, na nyuma yake, imefungwa kamba kwa heshima zote, cherehani ya miguu inang'aa juani. Mikidadi aliteremka na vijana wawili wa kubeba.

"Hodi wenyewe! Lo, hapa pananukia! Mama Candide, mzigo wako huu nimeuleta mwenyewe."

Marta alitoka mpaka mlangoni na kikaango mkononi. Aliitazama cherehani. Aliitazama sana, kuanzia gurudumu mpaka pale pa kukanyagia, na miguu yake ilikumbuka.

"Mzee Mikidadi, nisamehe nimekusumbua," alisema. "Jiko halitoki."

"Mama, si tulikubaliana? Na gesi yake utaipata wapi?"

"Tutamtuma Celestin Tabora. Atasema wiki ijayo, tutangoja. Cherehani nimeingoja tangu ni msichana, sijafa, naweza kuingoja tena. Lakini huyu," akaelekeza kidevu ndani, kwenye aproni, "huyu nimemngoja miaka thelathini na mmoja. Ndiyo kwanza amefika. Ingia sebuleni ule mkate, usiondoke na njaa."

Mikidadi alikuwa mfanyabiashara, anajua mlango uliofungwa akiuona. Akaingia kula mkate.

Marta akavuka ua mpaka kibanda cha kupikia. Makaa ya chai ya asubuhi yalikuwa bado hai chini ya majivu. Akasogeza kuni, akapuliza, moshi ukampiga machoni kama kawaida yake, moto ukashika. Akaweka kikaango juu ya yale mawe matatu. Halafu akachukua kigoda chake mwenyewe, akakipangusa kwa kanga, akakiweka pale pale, mbele ya mafiga, upande unaoonekana barabarani.

"Baba Candide! Njoo umalizie."

Methusela akasimama kwenye mlango wa kibanda. Akatazama kigoda, akatazama barabara, ambako watu walikuwa wanapita wakitoka gulioni, na baadhi walikuwa wameshapunguza mwendo. "Mama Candide," alinong'ona, "watu wanaona."

"Kaa."

Akakaa. Magoti yake yalilia, yalishasahau kukunjika namna ile. Akachukua mwiko, akamgeuza samaki mara moja, taratibu, bila kummega. Marta akaketi mkekani karibu yake, akamwaga karanga kwenye ungo, akaanza kuzipepeta maganda na kuzila.

Kichwa cha Annonciata kikachomoza juu ya uzio, kitambaa cha kufagilia bado kichwani. Alitazama kigoda, akatazama aproni, akatazama watu barabarani, akashika mdomo.

"Makubwa, Marta!" alisema. "Mzee wa watu umemlisha nini?"

Wapita njia wakasimama kabisa, wasikose jibu. Marta alimalizia karanga iliyokuwa mdomoni. Akapokea kwa vidole kipande cha kwanza cha samaki ambacho Methusela alikuwa anamnyooshea kwenye ncha ya mwiko, kinatoa moshi, akakipuliza, akakitia mdomoni, akakitafuna chote mpaka kikaisha.

"Sijamlisha kitu, mama Egide," alisema. "Leo nimelishwa mimi."